Kabla ya Kulipa Ada

Nasema na wewe kijana mwenye shahada unayetafuta stashahada ya uzamili ya uandishi wa habari. Cheti kina uzito: Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inadai mwandishi wa habari awe na ithibati. Ila chagua chuo chenye redio yake, kama Mlimani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au ile ya SAUT Mwanza. Utangazaji hujengwa kwenye maikrofoni, tena kwa kukosolewa.

Lakini, mwanangu, usingoje barua ya udahili. Hapa Karagwe tunayo FADECO, redio ya jamii inayozungumza na wakulima. Omba kujitolea. Beba kinasa sauti, waulize wakulima bei ya kahawa, hakiki, uliza tena. Nenda wiki hii.