Siku ya Nne ya Nyama ya Idd

Idd el-Hajj ikifika, friza za Mombasa na Unguja hujaa kabla ya jua kutua. Mifuko ya nyama ya udhia, mnyama anayechinjwa kwa Idd hiyo, hupangwa mmoja juu ya mwingine, mbavu huku, mnofu kule, na mlango hufungwa kwa kusukumwa na goti. Waliobisha hodi wameshapewa fungu lao. Inayobaki ni ya nyumba, na ikitunzwa vizuri itafika Ramadhani, zaidi ya miezi minane mbele.

Kiafya hakuna tatizo. Katika friji yenye nyuzijoto 4, vipande vya nyama mbichi ya ng'ombe au mbuzi hukaa siku tatu hadi tano. Maini na nyama ya kusaga, siku moja au mbili tu. Kwenye friza, nyuzi 18 chini ya sifuri, vijidudu havifi vyote ila huacha kuzaana. Nyama hupoteza ladha pole pole, lakini hubaki salama. Hata umeme ukikatika, friza iliyojaa huhimili takriban saa 48, mradi mlango usifunguliwe.

Siku tatu zina historia nyingine.

Mwaka mmoja, Madina, Mtume Muhammad aliwakataza Waislamu kubakisha nyama ya udhia zaidi ya siku tatu. Msomaji wa leo atadhani alihofia kuoza. Lakini Waarabu walijua kuikata nyama vipande vyembamba na kuianika juani, ikadumu muda mrefu bila barafu. Sababu aliieleza Bibi Aisha: mabedui maskini walikuwa wameingia mjini wakati wa Idd, nao wana njaa. Mwaka uliofuata watu walipouliza kama katazo lingalipo, waliruhusiwa kula, kulisha wengine na kuweka akiba.

Je, katazo lilifutwa moja kwa moja, au lilisubiri sababu yake irudi? Imamu Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, aliliona swali hilo katika kitabu chake Risala, akaziacha wazi njia zote mbili: huenda limefutwa kabisa, na huenda wenye njaa wakiingia tena mjini, siku tatu zinarudi pamoja nao.

Njia hii ya pili ndiyo inayostahili kusomwa mbele ya friza iliyojaa. Kipimajoto hujibu swali la kuoza, na hulijibu vyema. Hakiwezi kumwona aliye nje ya lango siku ya nne, baada ya mafungu kwisha kugawiwa.

Baridi hiyohiyo, hata hivyo, imefanya kazi kubwa Mina, karibu na Makka. Zamani, nyama nyingi ya mahujaji ilifukiwa ardhini kwa kukosa walaji wa kuimaliza. Tangu 1983, Saudi Arabia ina mradi wa kuihifadhi kwa baridi na kuisafirisha hadi kwa maskini wa nchi nyingine, wakaipika wiki kadhaa baada ya mahujaji kurudi makwao.