Urafiki wa Mwindo na Nkuba

Wapendwa wakatekumeni, wazee wa Kinyanga huko Walikale wana utendi wa Mwindo, ambao mwimbaji Rureke aliusimulia mwaka 1956 ukaandikwa, na mwaka 1969 ukachapwa kitabuni. Wengi wenu mmeusikia kando ya moto. Leo tumtazame rafiki wa Mwindo, yaani Nkuba, Bwana wa Radi.

Hao wawili hawakufanana. Mwindo ni mtoto wa kijijini, aliyetembea na kusema siku aliyozaliwa, naye ana majivuno mengi. Nkuba hukaa juu mawinguni. Mwindo alipopigana na baba yake Shemwindo, aliyetaka kumwua tangu kuzaliwa, alimwita rafiki yake. Radi saba zikashuka, kijiji cha Tubondo kikawa vumbi.

Huo ndio urafiki tuupendao sisi: nikimchukia mtu, rafiki yangu naye amchome. Mwajua yaliyotupata. Machafuko yalipoanza Ntoto mwezi wa Machi 1993, yakaenea mpaka Masisi, ni vijana wangapi walioingia katika damu kwa kuwafuata rafiki zao? Mwindo alikuwa na usinga wa kufufulia wafu, akawarudisha watu wa Tubondo. Sisi hatuna usinga huo.

Lakini utendi haukomi hapo. Baadaye Mwindo alimwua zimwi Kirimu mwenye vichwa saba, aliyewameza wawindaji wake. Kumbe, Kirimu naye alikuwa rafiki wa Nkuba! Nkuba akashuka. Hakumpiga Mwindo kwa radi, wala hakunyamaza ili kulinda urafiki. Alimwambia wazi ya kuwa hakupendezwa naye, akampandisha juu akamfundishe. Mwaka mzima yule shujaa alitetemeka kwa baridi, hana nyumba, mvua ikimpiga, jua likimchoma, na majivuno yake yakakatazwa. Aliporudi aliwaagiza watu wake walime vyakula vya namna nyingi, waache ugomvi, wasiwatamani wake za wenzao, wala wasimcheke kilema apitaye kijijini.

Sisemi ya kuwa Nkuba ni mungu. Radi ni kiumbe tu, na utendi si Injili. Lakini mkumbuke mfalme Daudi. Yoabu alimtii, akamweka Uria mahali pa kufa vitani. Nabii Natani alikwenda mbele yake akamwonyesha dhambi yake. Ni nani kati yao aliyempenda Daudi?

Karibu mtaulizwa jina la msimamizi wa ubatizo. Wengine hutafuta mwenye ng'ombe au mwenye duka. Wewe jiulize hivi: siku nitakapochukua panga kwenda kwa jirani kwa ajili ya mpaka wa shamba, mtu huyu atachukua lake anifuate, au atasimama mlangoni anizuie? Huyo wa mlangoni, hata akiwa maskini, lete jina lake kwa Padri.