Akiomba Angani, Ataelekea Wapi?

Asubuhi isiyo na mawingu, mkazi wa Nyeri, Karatina au Nanyuki huuona Mlima Kenya hadi kilele cha Batian, mita 5,199 juu ya bahari. Kwa Wakikuyu wanaofuata imani ya mababu, huko ndiko makao ya Ngai, Mungu wao, na mzee anapoomba huuelekea mlima akiwa ameinua mikono. Siku hizi wahandisi wanachora makazi ya binadamu Mwezini na Mirihi. Hewa, maji na joto vina hesabu zake. Lakini atakayezaliwa huko, akitaka kuomba, ataelekea wapi?

Waislamu wamekwisha kulikabili swali hilo. Mwaka 2007, mwanaanga wa Malaysia, Sheikh Muszaphar Shukor, alipokwenda kwenye Kituo cha Anga cha Kimataifa, kinachoizunguka Dunia kwa takriban dakika 90, wanazuoni wa Malaysia walimwandalia mwongozo: aelekee Kaaba akiweza, asipoweza, usawa wa Kaaba huko juu, kisha Dunia, ikishindikana, popote. Ni jibu lenye huruma. Ila yeye Dunia aliiona dirishani. Kutoka Mirihi ni nukta ya nuru tu.

Mmarekani Mike Resnick aliuhamisha mlima wenyewe, kwa kalamu. Hadithi yake “Kirinyaga”, jina la mlima huo kwa Kikuyu, iliyotoka 1988 na kushinda tuzo ya Hugo mwaka uliofuata, inahusu sayari ndogo iliyotengenezwa ili Wakikuyu waishi kama zamani. Koriba, mundu mugo (mganga) aliyesoma Cambridge na Yale, huleta mvua kwa kompyuta: anaagiza mzunguko wa sayari ubadilishwe, na wanakijiji wanaamini ni Ngai. Katika hadithi nyingine ya mfululizo huo, msichana Kamari anakatazwa kusoma, naye anajiua.

Hapo Resnick anawapunja Wakikuyu wa kweli. Katika miaka ya 1930 walijijengea shule huru kwa michango yao, bila kuona kwamba kitabu kinamfukuza Ngai. Hata hivyo hofu yake, kwamba mmoja anaweza kuwaamulia wote maisha, ni ya haki, na Nyeri inaijua bila kusoma hadithi.

Kuanzia 1954, serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu zaidi ya watu milioni moja wa Mkoa wa Kati, ikawatia katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro na seng'enge. Mlima ulibaki palepale. Lakini aliyeamka humo hakuamua nyumba yake ikae wapi, wala atoke saa ngapi kwenda shambani. Angani, nje ya ukuta hakuna hata pumzi: anayeshika hewa ana nguvu kuliko mlinzi yeyote wa miaka ile.

Wahandisi wanasomea Nyeri hiyo hiyo, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Wakiitwa kuchora nyumba za Mirihi, mlango utazame upande gani, na sala ielekee wapi, wawaachie wenye nyumba. Wao waulize kwanza nani atashika mitambo ya hewa, na wakazi watamwondoa kwa njia gani akiwadhulumu.