MWILI NI AMANA, SI MALI YETU



Ndugu Waislamu, hapa Musonoi wengi bado wanahesabu kitambi kuwa ni heshima. Sababu iko wazi. Zamani mfanyakazi wa Gécamines alipewa unga juu ya mshahara. Kampuni ilipoporomoka miaka ya 1990, nyumba nyingi zilijua njaa. Baada ya njaa, mtu mnene huonekana amebarikiwa.

Je, neema ikizidi kiasi mwilini, hubaki neema? Unene uliozidi hupandisha presha, huleta kisukari, huchosha moyo na magoti. Wala mgonjwa haumii peke yake: pesa ya dawa hutoka katika pesa ya masomo ya watoto.

Mwingine atasema: "Nakula changu, mwili ni wangu." La, si wako. Ni amana, na aliyewekewa amana ataulizwa. Sura ya Al-A'raf, aya ya 31, imeruhusu kula na kunywa, ikakataza israfu. Naye Mtume (s.a.w.) alifundisha kugawa tumbo mafungu matatu: chakula, maji na pumzi.

Tusimcheke mnene. Wengine ni maumbile au maradhi, na dhihaka ni dhambi. Kila mtu atazame sahani yake mwenyewe. Apunguze bukari, mafuta na sukari, aje msikitini kwa miguu, na alichokipunguza kimfikie jirani mwenye njaa. Hapo ndipo neema hubaki neema.

Allah atujaalie kiasi. Amin.