Nyumba ya Urithi Kariakoo

Ndugu msomaji, hapana shaka nawe unaye jamaa ambaye wazee wake walikuwa na nyumba Kariakoo, Gerezani au Ilala. Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa mji mkuu wetu hata ilipoamuliwa mwaka 1973 kwamba makao yahamie Dodoma, na mitaa hiyo ilikuwa moyo wa watu wake. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, wapagazi wa jeshi lao walipiga kambi pale. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na ndimi zetu zikalifanya jina hilo Kariakoo.

Baadaye wakajenga Wazaramo, Wamanyema, Wanyamwezi na wengineo. Mitaa ya Kongo, Nyamwezi, Pemba na Mafia yashuhudia hata leo kwa majina yake. Nyumba ya Kiswahili ndiyo iliyowafanya wageni hao kuwa jamaa: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani jiko na choo cha wote. Mwenye nyumba akilala chumba kimoja, wapangaji vingine. Akifa mtu, majirani ndio waliolibeba jeneza mpaka msikitini, kwa Manyema au kwa Mtoro.

Leo nyumba nyingi katika hizo zimebomolewa, na mahali pake pamesimama ghorofa za maduka. Mwenye duka atokaye mbali, tuseme Haydom kule Mbulu, hupanda ngazi zake kutafuta mzigo wa jumla, asijue kwamba alipokanyaga palikuwa chumba cha bibi wa mtu. Yeye hana kosa. Swali latuhusu sisi: je, ni dhambi kuuza nyumba ya wazee?

Jawabu ni hapana. Biashara ni halali, na mzee alalaye na njaa juu ya kiwanja cha mamilioni hatendewi wema kwa kuambiwa alinde historia. Lakini halali ina masharti yake.

Kwanza ni mafungu. Katika Suratun-Nisaa Mwenyezi Mungu amewawekea wanaume fungu na wanawake fungu katika walichoacha wazazi, kiwe kichache au kingi. Kaka akipatana na mnunuzi kwa siri, kisha dada aliyeolewa Tanga akaletewa doti ya khanga na kuambiwa ndiyo haki yake, kaka huyo amekula kisicho chake, hata akienda Hija kwa fedha hizo.

Pili ni shufaa. Mshirika katika mali isiyogawanywa, kwa masharti waliyoyaeleza wanavyuoni, ana haki ya kulitwaa fungu lililouzwa kwa mtu wa nje kwa bei ile ile. Madhehebu yetu ya Shafi yaishia kwa mshirika, naye Imamu Abu Hanifa akampa haki hiyo hata jirani. Tazama basi jinsi sheria ilivyojali nani atakaa ubavuni mwa nani!

Tatu ni madhara. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa iliporomoka Kariakoo, wakafa watu zaidi ya 20. Simhukumu mtu hapa. Msiba ule watukumbusha tu kwamba ukuta wa mtu mmoja ni amana juu ya roho za wengi, nao hao hawakuwapo mapatano yalipofanywa.

Basi kabla ya kutia saini, waite warithi wote, wa karibu na wa mbali. Hesabuni mafungu mbele ya mashahidi. Lipeni deni la marehemu. Wapangaji waliozeeka pamoja nanyi wapeni muda wa kutafuta pa kwenda. Ukiyafanya hayo, umeuza nyumba tu. Usipoyafanya, umeuza na udugu pia, na huo ukishauzwa haununuliki tena kwa bei yoyote.

Mwenyezi Mungu atujaalie kula halali na kuwapa wenye haki haki zao. Amin.