Kumbe Nilikuwa Mgeni kwa Baba



Wiki tatu sijaandika, mnisamehe. Nipo likizo nyumbani Kaliua, mvua zinanyesha, umeme unakwenda na kurudi, na mambo ya nyumbani yamenibana. Leo nataka tuzungumze kuhusu sala, ila nitaanzia mbali kidogo, kwenye kompyuta. Vumilieni, tutafika.

Baba yangu, Mungu ampumzishe kwa amani, alikuwa mpiga picha. Harusi, kipaimara, Komunyo ya Kwanza, mahafali, misiba, sherehe nyingi za mji huu zimepita kwenye kamera yake. Kazi zake zote alizihifadhi kwenye kiboksi cheusi chenye diski mbili ndani. Kinachoandikwa kwenye diski ya kwanza kinaandikwa na kwenye ya pili, ili moja ikifa nyingine ibaki. Kiboksi kimeunganishwa na ruta kwa waya, na kompyuta yoyote ya pale nyumbani inaweza kuweka na kuchukua mafaili humo. Baba alifariki mwaka jana. Msimu huu wa mvua radi ikaiua kompyuta ya studio. Kiboksi kikabaki kabatini kinawaka taa, hakuna anayekifungua.

Jumatano akaja mama mmoja wa jumuiya yetu. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa. Mtoto wake wa kiume alifariki kwa ajali ya pikipiki, na Jumamosi ilikuwa Misa ya kumbukumbu. "Frateri mwanangu," akasema, "baba yako alimrekodi siku ya kipaimara akisoma somo. Picha zake ninazo. Sauti sina."

Nikamjibu haraka, "Ipo, mama. Kesho utaipata."

Sikuwa na hakika yoyote. Ni kile kiburi cha msomi tu. Mtu ana digrii ya falsafa na laptopu mpya, atashindwaje na kiboksi?

Nilishindwa. Nikafungua laptopu, nikatafuta kiboksi kwenye orodha ya vifaa vya mtandao, hakipo. Nikaandika jina lake, halitambuliki. Mama yangu alikuwa amesimama mlangoni na kitenge begani, akaniuliza swali moja tu: "Vimepotea, au hujavifikia?"

Dah. Mama yangu hakusoma falsafa, lakini hapo aligusa jambo ambalo sisi tulifundishwa muhula mzima. Kutofikia kitu na kitu kutokuwepo ni habari mbili tofauti kabisa. Tatizo ni kwamba, kwa mtu aliyekaa nje ya mlango, zote mbili zinafanana.

Nyie wa huku kwetu mnaijua njia ya misafara. Oktoba 1871 Livingstone alifika Ujiji hoi, amekonda, akitegemea bidhaa zake zilizotumwa huko kutoka pwani. Akakuta mtu aliyekabidhiwa amekwishaziuza zote. Ghala tupu. Lakini alikuwa na bidhaa nyingine zilizokwama Unyanyembe, pale Tabora, na hizo zilikuwepo kweli. Ila njia ya katikati ilikuwa imefungwa na vita ya Mirambo na Waarabu. Mirambo huyo ndiye wa Urambo, majirani zetu hapa, stesheni kabla ya Kaliua ukitokea Tabora. Stanley, aliyekuwa Unyanyembe, ilibidi azungukie kusini ndipo amfikie mzee. Mwezi Februari 1872 wakarudi pamoja mpaka Kwihara, na sehemu ya mali yake ikapatikana. Sasa jiweke kwenye nafasi yake siku ile ya kwanza pale Ujiji. Una njaa, nguo zimechakaa, mkononi huna kitu. Ghala lililoporwa na njia iliyofungwa vinakuumiza kwa namna ileile. Lakini la kufanya ni tofauti. Ghala likiwa tupu unaomboleza. Njia ikiwa imefungwa unatafuta pa kupitia.

Nimekaa kwenye habari hii kwa sababu inanihusu. Niseme ukweli wangu, maana humu ndani tulikubaliana kutodanganyana. Tangu baba afariki, sala yangu imekauka. Masifu nasali na wenzangu, midomo inatembea, ndani kimya. Rozari ni kama kuhesabu mahindi. Njia tano za Mtakatifu Tomaso wa Akwino za kuonyesha kwamba Mungu yupo ninaweza kukueleza bila daftari, lakini saa nne usiku kikanisani hazinipigii hodi. Na kidogo kidogo nilianza kusema moyoni, bila kutamka: labda hakuna kitu mle. Yaani niliruka kutoka "sifikii" mpaka "hakuna" bila kupita popote katikati. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angefelishwa kwa hoja ya namna hiyo.

Basi turudi kabatini. Nilianza upya, taratibu, hatua kwa hatua. Taa inawaka, waya umekaa vizuri. Nikaingia kwenye ruta kuangalia orodha ya vilivyounganishwa, kiboksi nikakiona, kimepewa anwani ya namba. Kumbe jina ndilo lililokuwa halitambuliki, kile chenyewe kipo. Kuna amri ya kupiga hodi kwenye anwani: kompyuta inatuma ujumbe mdogo mara 4 na kusubiri majibu. Nikapiga. Majibu 4, bila kukosa hata moja. Nilishangilia peke yangu kama Simba wamefunga.

Halafu nikajaribu kuingia kwa ile anwani, nikakataliwa tena. Safari hii kwa maneno: sera za usalama za shirika lako zinazuia wageni wasiojitambulisha. Shirika gani tena? Laptopu nimenunua kwa hela zangu za kufundisha tuisheni! Lakini ujumbe ule ulikuwa na neno moja la maana, na neno lenyewe ni mgeni.

Nieleze kidogo, kwa faida ya wale ambao watakwama kama mimi. Kompyuta ya zamani ya studio ilikuwa inaingia kwenye kiboksi kama mgeni. Haina jina, haina nywila, inaingia tu kwa sababu mlango uko wazi. Miaka ikaenda hivyo. Laptopu yangu ina Windows 11 ya toleo la mwishoni mwa 2024, na toleo hilo limebadilisha msimamo: linataka kila ujumbe kati ya kompyuta na kiboksi uwekewe sahihi, na ufunguo wa kutengeneza sahihi hiyo unatokana na nywila ya mtu. Mgeni hana nywila, kwa hiyo hana sahihi, kwa hiyo haingii. Angalia vizuri: kiboksi hakikuharibika, mafaili hayakufutika, ruta ni nzima. Ile namna ya kuingia bila jina ndiyo iliyofika mwisho.

Rafiki yangu fundi nilimpigia simu akaniambia, "Frateri, zima huo ulinzi, dakika mbili tu umemaliza." Na ni kweli ingewezekana. Lakini ukishaizoesha kompyuta kuamini bila sahihi, siku nyingine itaamini kiboksi chochote kinachojifanya ndicho. Nikakataa. Fundi akacheka, akasema mafrateri tuna mambo mengi.

Hapa ndipo ninapotaka tuongee, vijana. Wengi wetu tumeingia Kanisani kwa mlango wa mgeni. Mama ametuamsha Jumapili, tukaenda. Kwaya ilikuwa na marafiki zetu, tukaimba. Bwenini kengele imelia, tukasali. Sisemi ni vibaya. Mlango ule ulitulisha miaka mingi, na mama zetu Mungu awalipe. Ila siku moja unahama. Unafika chuo Dar au Dodoma, hakuna wa kukuamsha, mwenzako wa chumbani anakuuliza unaamini nini na kwa nini, au unazika mtu uliyempenda. Unajaribu kuingia kama zamani na unakataliwa. Halafu unasema: imani imekufa, au hata haikuwepo. Ndugu yangu, hujapiga hodi hata mara 4. Usitangaze msiba kabla hujafungua kabati.

Na Bwana wetu amelisema hili kwa ukali kuliko mimi. Katika Luka 13 kuna watu wanaobisha mlangoni wakijitetea kwamba walikula na kunywa mbele yake, na alifundisha katika mitaa yao. Walikuwa karibu naye kweli. Wanajibiwa kwamba hawajulikani walikotoka. Mstari ule ulikuwa unanipita zamani, nikidhani unawahusu wengine. Mwenye kanzu ninayeishi nyumba moja na Ekaristi, ninasogeleaje mlango ule? Nilikuwa nasema "sisi Wakatoliki tunaamini", "Mtakatifu Augustino anasema", "profesa alituambia". Lini nimesema "mimi"?

Mfano wangu una kikomo, nisije nikaitwa na walezi. Mtaguso wa nne wa Laterano, mwaka 1215, ulifundisha kwamba tukiona ufanano wowote kati ya Muumba na kiumbe, tofauti iliyopo ni kubwa zaidi. Mungu si kiboksi, na neema haina nywila ya kukisia. Pia kiboksi kinajibu hodi ndani ya milisekunde, wakati Mungu amewaacha watakatifu wengine wakisubiri miaka. Kwa hiyo sikuahidi kwamba ukipiga hodi leo utasikia kitu leo. Ninachosema ni kimoja: kimya hakitoshi kuwa ushahidi kwamba nyumba haina mtu.

Sasa, ili nijitengenezee jina kwenye kiboksi, nilihitaji nywila ya msimamizi, na msimamizi alikuwa baba. Nikapekua madaftari yake, bahasha za risiti, nyuma ya picha ya Moyo Mtakatifu. Saa tatu nzima. Mdogo wangu wa kidato cha tatu alikuwa pembeni anapika mchicha na karanga, ananiangalia tu. Mwishowe akasema:

"Kaka, nywila ninayo mimi. Baba alinipa."

"Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza."

Nilikaa kimya. Tangu nina miaka kumi na minne niko seminari. Nyumbani nakuja likizo, nachinjiwa kuku, napewa chumba kizuri, naitwa Frateri, naondoka. Namna baba alivyokuwa anapanga kazi zake, nani anamdai, wimbo gani alikuwa anaupiga studio akihariri picha, huyu binti anajua vyote. Mimi najua tarehe ya mazishi. Nyumbani kwa baba yangu nilikuwa mgeni wa heshima, na mgeni wa heshima bado ni mgeni.

Akaniandikia nywila nyuma ya karatasi ya chumvi. Nikaingia. Nikafungua ukurasa wa watumiaji ili niongeze jina langu. Orodha ilikuwa na majina matatu: la baba, la mdogo wangu, na la tatu ni langu. Jina langu la ubatizo, kwa herufi ndogo, limekosewa herufi moja kama baba alivyozoea kulikosea. Alikuwa amenifungulia zamani, akaniwekea na folda yangu yenye nafasi ya kutosha. Nikaifungua. Tupu. Hakuweka kitu humo, alitenga nafasi tu.

Tunapofundisha katekesi tunasema Ubatizo unaacha alama isiyofutika. Nimelifundisha hilo kwa watoto wa kipaimara pengine mara ishirini, na vikaragosi ubaoni. Siku ile, mbele ya folda tupu, nililisikia kama sijawahi kulisikia. Wewe uliyeacha kusali miaka miwili, unayesoma hapa kwa simu kitandani, unafikiri utaanza kuomba kuandikishwa. Jina lako lipo. Liliandikwa ukiwa umebebwa mgongoni. Nenda kaungame, padre hatakuuliza ulikuwa wapi kama unavyoogopa, na hata akiuliza, mjibu.

Video ilipatikana. Alhamisi jioni nilimpelekea yule mama kwenye flashi, tukaiangalia kwenye televisheni ya jirani yake. Kijana ana shati jeupe kubwa kuliko yeye, anasoma kutoka Matendo ya Mitume, anakwama kwenye jina la "Kapadokia", anarudia, anapita. Mama akaomba turudishe hapo alipokwama. Tukarudisha mara nyingi.

Usiku nilikwenda kikanisani. Ukavu ulikuwepo bado, nisiwadanganye. Sikufungua kitabu cha Masifu. Nilitaja jina langu, lile la ubatizo, nikasema nimekuja, nikakaa.

Kwenye kiboksi ilibidi nibadilishe nywila ya akaunti yangu ndipo niingie. Ile ya kwanza, aliyoniwekea baba, siijui mpaka leo.