Hata Kama Ni Usiku

Nilipokuwa nafundisha Wajir, mimi mtu wa Kakamega, kulikuwa na kijana wa darasa la sita aliyekataa kujua jina langu. Kuchana madaftari, kuvunja madirisha, kupiga wenzake, hayo nilikuwa nimeyaona kwingine. Kilichonishinda ni jibu lake nilipomuuliza mbona haniiti kwa jina kama wengine: "Ya nini? Si utaenda tu."

Alikuwa na hesabu yake. Mama yake alikuwa amefariki. Kisha Februari 2018 walimu wawili wakauawa Qarsa, na TSC ikawahamisha wengi wetu tusio wenyeji. Mwalimu wake wa hisabati aliondoka bila hata kumuaga. Mimi nilibaki, lakini sijisifu: fomu yangu ya uhamisho ilikuwa kwenye begi, imejazwa, imebaki sahihi tu.

Basi nikamwambia, "Mimi siendi popote."

Ahadi unayoitoa kwa huruma, huku hujui kama utaweza kuitimiza, ni wema au ni uongo?

Krismasi ilinikuta huko huko. Barabara niliiogopa. Novemba 2014 watu 28 walitolewa kwenye basi la Mandera wakauawa, walimu wakiwemo. Desemba 2015, karibu na El Wak, abiria Waislamu walikataa kutengana na Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafa Januari. Huyo hakuwa amemwahidi mtu yeyote chochote.

Asubuhi ya tarehe 25 mkokoteni wa punda ukasimama mlangoni. Kijana na baba yake, muuza maji. Mzee akashusha mitungi miwili, akakataa pesa, akanipa na maziwa ya ngamia.

"Leo si siku yenu? Mbona uko peke yako?"

Nikachemsha chai, tukakaa kwenye mkeka. Nikamweleza kwamba nimemwahidi mwanawe sitaondoka. Nilidhani atashukuru. Alinyamaza mpaka chai ikapoa.

"Mwalimu, usimwambie hivyo. Mama yake alimwambia atarudi kutoka hospitali. Hakudanganya, hakujua tu. Lakini mtoto alingoja."

"Sasa nimwambie nini, mzee?"

"Mwambie siku ya kwenda, utakuja nyumbani kwanza. Hiyo unaweza."

Wapo watakaosema nia ndiyo kila kitu. Nia yangu ilikuwa njema, sawa, lakini nikiwa mkweli, maneno yale yalinituliza mimi kuliko yeye. Nilimwahidi kitu kilichokuwa mikononi mwa TSC, na mwa watu wenye bunduki, nikaacha kilichokuwa mikononi mwangu.

Nikatoka nje. Kijana alikuwa anafungua kamba za punda. Nikamwambia nilikosea, sijui nitakaa mpaka lini. Ila sitaondoka bila kupita kwao.

Hakuniangalia.

"Hata kama ni usiku?"

"Hata usiku."

Akaendelea na kamba zake, kisha akaniomba ndoo amnyweshe punda.